Swali la tisa

Wagonjwa wa sonona kali huambiwa watafute msaada. Lakini ugonjwa wenyewe ndio unaowanyima nguvu za kuutafuta.

Karatasi ilikuwa na maswali tisa. Muuguzi aliniazima kalamu yake, akaniambia nijibu nikikumbuka wiki mbili zilizopita. Je, nimekosa hamu ya mambo niliyokuwa nikiyapenda? Nimekuwa na huzuni, au nimekata tamaa? Usingizi ukoje? Nguvu je? Chakula? Najiona mtu aliyeshindwa? Naweza kusoma habari ya gazeti hadi mwisho? Watu wameona kwamba natembea na kuzungumza polepole kuliko kawaida yangu? Yote manane niliyajibu kwa ukweli, kwa kuwa nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

Swali la tisa liliuliza kama nimekuwa nikiona ni heri nife, au nikifikiria kujidhuru. Nililisoma mara mbili. Nikautazama mlango. Kisha nikaweka alama penye "hapana kabisa".

Huo ulikuwa uongo.

Ilikuwa mwaka wa 2018, katika hospitali moja ya umma upande huu wetu wa mashariki ya Mlima Kenya. Nje, kwenye benchi la mbao, alikuwa ameketi Tata, dada mkubwa wa mama yangu, kiondo mapajani, akinisubiri. Yeye ndiye aliyenileta. Nilimwonea aibu, ni kweli, lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni hofu ya polisi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiripoti habari za mahakama, na Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu nilikijua kwa nambari yake: anayejaribu kujiua ana hatia, na adhabu ni hadi miaka miwili jela, au faini, au zote mbili. Sheria hiyo iliadhibu kitendo, haikuadhibu wazo. Ila mtu aliyefika pale nilipokuwa nimefika hana utulivu wa kuipambanua sheria. Nilichoona akilini ni pingu.

Nimekaa na kisa hiki miaka mingi. Nakitoa leo kwa sababu ya maneno mawili ambayo kila mwenye sonona huambiwa: "Tafuta msaada." Ni ushauri mwema, unatolewa na watu wema, redioni, makanisani na kwenye mabango ya barabarani. Lakini sonona ikishakuwa kali, kitu cha kwanza inachomnyang'anya mtu ni ile nguvu ya kutafuta. Kumwambia mgonjwa wa aina hiyo atafute msaada ni kama kumwambia aliyevunjika mguu akimbie hospitalini. Mimi sikuutafuta msaada. Nilisindikizwa.

Ugonjwa na majina yake

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru inapita ubavuni mwa mlima: Runyenjes, Chuka, Nkubu, halafu Meru mjini. Upande wa juu ni chai na kahawa. Upande wa chini ardhi inakauka kuelekea Mbeere na Tharaka. Simama popote kwenye njia hiyo uulize kuhusu mtu ambaye hatoki nyumbani siku hizi. Utaambiwa ana mawazo mengi. Kwa Kimeru utasikia habari za mathuganio, yaani fikira, au za kieva, yaani huzuni. Vijana watakwambia ana stresi. Mara chache sana utasikia mtu akisema kwamba ni mgonjwa.

Na mgonjwa mwenyewe, akifika zahanati, hasemi ana huzuni. Husema kichwa kinamuuma, mgongo unamchoma, kifua kinabana, tumbo halitulii. Hupimwa malaria na homa ya matumbo, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye amerudi tena. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka wa 2011, ilieleza kwamba takriban robo ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya wanaolazwa wodini, wana tatizo la afya ya akili. Wengi wao huja na jina la ugonjwa mwingine mdomoni.

Kiswahili kimetupa neno sonona, ndugu wa kitenzi kusononeka. Redioni hapa Kenya tumezoea kusema msongo wa mawazo, na ndipo mkanganyiko unapoingia. Msongo ni mzigo: karo haijalipwa, kesi ya shamba haijaisha, mtoto yuko hospitalini. Ukiutua mzigo, mabega yanapata nafuu. Sonona hubaki hata baada ya mzigo kutuliwa, na wakati mwingine huja pasipo mzigo wowote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 wanaishi nayo ulimwenguni. Huzuni ya kawaida, hata ya msiba, huja na kupungua. Mtu anayelia matangani hucheka akikumbushwa kituko cha marehemu. Mwenye sonona kali kicheko hicho hakipati. Siku zinapita, wiki mbili, mwezi, na kila asubuhi ni nzito kama ya jana.

Yangu ilianza na usingizi. Niliamka saa tisa usiku, nikabaki nimetazama mabati hadi jogoo wa jirani awike. Nilikuwa nimepanga chumba mjini Meru, peke yangu. Nikaacha kunyoa ndevu. Nikaacha kuchaji simu, maana kila aliyepiga alitaka jibu. Kando ya kitanda palikuwa na kikombe cha chai niliyoipika Jumapili moja na kuinywa nusu. Utando wa maziwa ulikauka juu yake, ukapasuka, kisha ukaota ukungu wa kijani. Kila siku nilikitazama nikajiambia nitakiosha. Bomba lilikuwa hatua sita kutoka mlangoni. Kikombe kilikaa pale siku kumi na moja.

Naeleza habari za kikombe kwa sababu ukimwona mtu ameshindwa na kikombe, utamwita mvivu. Hata yeye mwenyewe atajiita hivyo. Mimi nilijiita mvivu, mwoga, mzigo kwa watu. Sonona ina kauli yake, na ubaya ni kwamba huizungumza kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, hata akaamini kwamba huo ndio ukweli aliokuwa akiukimbia maisha yake yote.

Kidonda cha mwanamume

Hapa kwetu Desemba ni mwezi wa tohara. Kijana huambiwa, na huambiwa tena, kwamba ameshakuwa mwanamume na machozi ameyaacha utotoni. Maneno hayo hukua pamoja naye. Akifikisha miaka thelathini na tano, mke amemwacha, au zao halina bei, au hakuna kilichotokea isipokuwa giza limeingia, atakaa na giza lake kimya. Ataenda kwenye pombe kabla ya kwenda kwa daktari. Na pombe ya bei nafuu katika eneo hili tunaijua: Mei 2014, kinywaji kilichotiwa methanoli kiliua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine, na wengine wakapofuka.

Lakini tumeukumbuka upande mmoja wa mafunzo yale na kuusahau wa pili. Kijana akishatahiriwa hakabidhiwi kidonda chake aende akajitibu. Huwekwa mahali pake, akapewa mlezi wa kumtazama usiku na mchana, wa kumletea chakula, wa kumwelekeza namna ya kulala na namna ya kutembea hadi kidonda kikauke. Hakuna anayemcheka kwa kuhudumiwa. Mila iliyomwambia asilie ndiyo hiyo hiyo iliyokataza aachwe peke yake. Wazee wetu walijua kwamba ujasiri ni wa dakika chache za kisu. Kupona ni kazi ya siku nyingi, na ni kazi ya watu wengi.

Mimi nilikuwa na kidonda, na mlezi sikuwa naye, mpaka Tata alipobisha.

Alikuwa amesikia kutoka kwa binamu yangu kwamba simu yangu haipatikani. Akapanda matatu Runyenjes alfajiri, bila kupiga hodi ya simu wala kutuma ujumbe. Nilipofungua mlango aliniangalia usoni, akaangalia chumba, akakiona kikombe. Hakusema neno. Alivua leso ya kichwani, akajifunga kiunoni, akakichukua kile kikombe akaenda nacho bombani. Nilimsikia akikisugua kwa mchanga kwa muda mrefu. Aliporudi alichemsha chai, akanimiminia humo humo.

"Nani amekukosea?" aliniuliza.

"Hakuna, Tata."

"Unaumwa wapi?"

"Sijui."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa sawasawa. "Sikuja kukuuliza kwa nini," akasema. "Nimekuja twende. Vaa viatu."

Viatu nilivivaa kwa sababu alikuwa amesimama akinisubiri. Kama angeniambia niende kesho peke yangu, nisingeenda. Hilo nalijua kwa hakika.

Ndani ya chumba cha kliniki

Muuguzi alihesabu majibu yangu kwa ncha ya kalamu. Kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, na jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 20 kwenda juu huhesabiwa kuwa sonona kali. Hata baada ya kudanganya, mimi nilikuwa na 21.

Akasimama, akafunga mlango, akavuta kiti chake kutoka nyuma ya meza akakileta upande wangu. "Hapa hakuna polisi," akasema, kana kwamba alikuwa amesoma mawazo yangu. "Hili la tisa nitakuuliza kwa mdomo." Akaniuliza kwa Kimeru, taratibu, bila kuzungusha maneno, kama nimekuwa nikifikiria kujiua.

Nikamwambia ukweli. Kisha nikalia, mwanamume mzima, machozi ambayo nadhani yalikuwa yamekaa tangu Desemba ya tohara yangu. Yeye hakushtuka, na kutoshtuka kwake ndiko kulikonipa pumzi. Wengi huogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza jambo hili na wanakubaliana: kuuliza hakupandi mbegu. Kunamwonyesha mgonjwa kwamba yupo mtu anayeweza kulisikia asikimbie.

Akaniuliza kama nina mpango wowote, kama nalala peke yangu, kama natumia pombe au miraa. Akaomba ruhusa yangu kumwita Tata ndani. Wakakubaliana kwamba nisibaki peke yangu kwa wiki zile za mwanzo bali nikae kwa Tata, kwamba chochote cha kunidhuru kitoke karibu nami, na kwamba dawa zikae kwenye kiondo cha Tata, awe ananipa kimoja kimoja.

Dawa ilikuwa fluoxetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Ni dawa ya miaka mingi, haina hati miliki tena, na haimfanyi mtu kuwa mraibu. Lakini ina masharti ambayo kila mgonjwa anapaswa kuelezwa, maana kutoelezwa ndiko kunakowafanya wengi waiache. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu na kukosa utulivu, na hasa kwa vijana ni siku za kutazamwa kwa karibu. Mtu akipata nafuu asiiache ghafla. Huendelea nayo miezi sita au zaidi, na huipunguza kwa maagizo ya daktari.

Mwezi wa pili dawa ilikosekana kwenye dirisha la hospitali. Tata aliuza kuku wawili, tukainunua duka la dawa mjini.

Pamoja na dawa palikuwa na mazungumzo. Mshauri alinipa kazi ndogo kuliko nilivyotarajia: nichague jambo moja la kufanya kila siku, nilifanye hata kama sina hamu, niandike nililifanya saa ngapi. Hamu, alinieleza, kwa mwenye sonona haitangulii kazi, huifuata. Tata alinichagulia sukuma wiki zake nyuma ya nyumba. Kila jioni nilizimwagilia kwa mtungi wa zamani wa mafuta ya kupikia. Siku ya ishirini na mbili nilisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa jikoni, nikahisi njaa. Nilisimama pale shambani na mtungi mkononi, nikiogopa kusogea nisije nikaipoteza ile njaa.

Mlango uliofungwa Januari 2025

Wakati huo nikimwagilia sukuma wiki, sheria ilikuwa bado iko vile vile. Aliyejaribu kujiua akanusurika angeweza kutolewa kitanda cha hospitali akapelekwa kituoni. Familia nyingi zilijifunza kuficha: mgonjwa akifikishwa hospitali husemwa alikosea dawa, au aliteleza. Daktari asiyejua ukweli hutibu mwili, akamrudisha mtu nyumbani kwenye kilekile kilichomleta.

Mambo yalianza kusogea mwaka wa 2019, serikali ilipounda jopokazi la afya ya akili chini ya Dkt Frank Njenga, mmoja wa madaktari wakongwe wa akili nchini. Ripoti yao ya Julai 2020 ilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Juni 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, sheria iliyokuwa imekaa tangu 1989, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na watu. Kisha Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imeletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili, wakiwa pamoja na mwananchi anayeishi na ugonjwa wa akili. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya bora, na jaji aliona kwamba kumwadhibu mtu kwa kuugua ni kumbagua na kumvunjia utu wake.

Uamuzi wa mahakama hauingii kijijini kwa miguu yake mwenyewe. Kuna chifu, kuna mzee wa nyumba kumi na kuna muuguzi wa zahanati ambao bado wanaamini kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kwa hivyo nauandika hapa waziwazi: mahakama imeiondoa hofu hiyo. Ukimleta mtu wako hospitali, mwambie daktari ukweli wote.

Hofu nyingine hazikuandikwa kwenye sheria yoyote. Iko ya jina la Mathari, hospitali iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1910, jina ambalo watu hulitumia kama tusi: "Huyo apelekwe Mathari." Wengi hawajui kwamba sonona kwa kawaida hutibiwa bila kulazwa, na kwamba safari ya Nairobi si lazima. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Embu na ile ya Meru zina wahudumu wa afya ya akili, na anayeishi mbali anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu naye, au hospitali za misheni ambazo milima hii imezitegemea kwa vizazi, kama Chogoria, Kyeni na Maua.

Iko pia hofu ya madhabahu. Nilipokuwa nikiugua, mchungaji mmoja aliniambia imani yangu ni haba. Maneno hayo yalinirudisha kitandani wiki nzima. Lakini katika nyumba ya Tata niliuona upande mwingine wa kanisa. Kina mama wa kikundi chake walikuja na unga na kuni, kama wanavyomwendea aliyejifungua. Waliomba, wakaimba, wakateka maji, wakaondoka bila kuniuliza lolote. Sala ile sikuihisi kama fimbo. Katika kaunti ya Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wamefanya kazi na wachungaji na waganga wa kienyeji, wakiwafundisha kuzitambua dalili na kumpeleka mgonjwa hospitali. Mtu akienda kwa mchungaji kwanza hakuna ubaya, ikiwa mchungaji anajua njia ya kwenda kliniki na yuko tayari kuitembea naye.

Uchumi unaokosesha usingizi

Siwezi kuandika habari za Meru na Embu nikaacha majani. Mimi ni mtoto wa miraa. Karo yangu ilitoka kwenye miti ya baba kule Igembe. Juni 24, 2014, Uingereza ilipopiga marufuku miraa, nyumba nyingi za kwetu zilibadilika ndani ya wiki moja: madeni yalibaki, soko likaondoka. Mei 2024 ikawa zamu ya Mbeere, baadhi ya kaunti za Pwani zilipotangaza kuikataa muguka, ndugu wa miraa, kabla ya mahakama ya Embu kusimamisha marufuku hiyo. Mkulima ambaye riziki yake inaamuliwa na watu asiowaona, katika mji asioujua, hulala na wasiwasi usiopungua.

Kisha kuna mtafunaji. Miraa na muguka zina kathinoni, kemikali inayouamsha mwili na kufukuza usingizi. Handas, yaani ule mchangamko, ikiisha, mtu hushuka, na kwa aliye na sonona tayari hushuka mahali pabaya zaidi. Usingizi ni nusu ya matibabu ya ugonjwa huu. Siandiki haya kulitukana zao lililonisomesha. Nayaandika kwa sababu niliulizwa kuhusu miraa kabla ya kuandikiwa dawa, na kila daktari anapaswa kuuliza hivyo.

Benchi na nauli

Zimbabwe kuna daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda. Mwaka wa 2005 alimpoteza mgonjwa wake kijana. Familia ilijua kwamba binti amezidiwa na ilikuwa na nia ya kumleta hospitali, ila haikuwa na dola 15 za nauli ya basi. Baada ya msiba huo Chibanda aliacha kuwasubiri wagonjwa wamfuate. Mwaka wa 2006, mtaani Mbare, Harare, aliwafunza nyanya 14 kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Nyanya hao walikataa neno la kitabibu la ugonjwa huo, wakachagua la Kishona, kufungisisa: kuwaza kupita kiasi. Ndiyo yale yale mathuganio ya kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, ni asilimia 14 tu ya waliokaa kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hata Zanzibar.

Kwetu sisi benchi lipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akiwa na nyumba zake takriban mia za kuzungukia. Wanapima shinikizo la damu na sukari. Wakiongezewa yale maswali tisa, na muda wa kusikiliza jibu, hakuna mgonjwa wa Kiritiri wala Mutuati atakayebaki na kikombe chake siku kumi na moja bila mtu kubisha. Kaunti zina uwezo wa kulifanya hili bila kujenga jengo jipya hata moja.

Na wewe msomaji, kama kuna mtu uliyemkumbuka ukisoma hapa, nenda leo. Usimkumbushe wenye shida kubwa kuliko zake, na usimwambie ajikaze. Muulize waziwazi anaendeleaje, na kama amewahi kufikiria kujiua. Akikubali, usiape kuitunza siri hiyo peke yako. Kaa naye, viondoe karibu naye vya kumdhuru, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Lipa nauli. Subiri kwenye benchi. Rudi naye siku ya miadi ya pili, maana ya pili ndiyo wengi huikosa.

Kama mgonjwa ni wewe, na kusoma mpaka hapa kumekuchosha, sikuombi mengi. Chagua mtu mmoja umtumie neno moja: "Njoo." Au piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya isiyolipishwa, au Befrienders Kenya, 0722 178 177. Anayepokea simu hatakushangaa.

Siku ile ya uamuzi wa mahakama, Januari 2025, nilimpigia Tata simu. Sasa ana miaka zaidi ya sabini, na masikio yamepungua, kwa hivyo nilimsomea habari kwa sauti, pole pole. Nikamweleza pia kwa mara ya kwanza kwamba siku ile kliniki nilidanganya swali la tisa kwa kuogopa kifungo, wakati yeye ameketi pale nje.

Alinyamaza kitambo. Nilisikia kuku wake.

"Yaani wangekufunga?" akauliza.

"Ndivyo nilivyodhani, Tata."

"Basi wangetufunga wawili," akasema. "Nilikuwa nimekusindikiza."